Mshipa wa mguuni kwa baipasi ya moyo: mkato mrefu au kamera? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgonjwa akitoka kwenye upasuaji wa moyo, kila anayekuja kumwona huulizia kifua. Yeye mwenyewe, ikifika siku ya nne au ya tano, huanza kuulalamikia mguu. Mimi ni muuguzi wa vidonda, na bandeji nilizofungua zinatosha kunifundisha kwamba mguu ndio sehemu ya upasuaji huu ambayo familia huelezwa kidogo kuliko zote. Haya ni maswali ninayoulizwa kitandani, kwenye korido, na usiku kwa simu. Daktari wako ameziona picha za moyo wako, mimi sijaziona. Kwa hiyo akikuambia tofauti na nilivyoandika hapa, mwulize sababu, kisha mfuate yeye.

Kinachouma ni moyo. Mguu una kosa gani?

Hauna kosa, una akiba. Ateri zinazolisha msuli wa moyo zikizibwa na mafuta yaliyojijenga ukutani, daktari wa baipasi hazizibui. Huchukua kipande cha mshipa mwingine, akashona ncha moja kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, na ncha ya pili mbele ya pale palipoziba. Damu hupita kando, kama magari yanavyopita njia ya mchepuko daraja likikatika. Na kipande hicho ni lazima kitoke mwilini mwako mwenyewe, maana mirija ya kutengenezwa kiwandani huziba haraka mno kwenye mishipa myembamba kama ya moyo.

Kipande bora kuliko vyote hakitoki mguuni. Ni ateri inayoteremka ndani ya kifua, nyuma ya mbavu za kushoto, na kwa kawaida huunganishwa na ateri kubwa ya mbele ya moyo. Lakini wagonjwa wengi wana mishipa mitatu au minne iliyoziba, na ateri hiyo moja haitoshi. Hapo ndipo mguu unapoingia. Daktari René Favaloro, Muargentina aliyekuwa Cleveland Clinic nchini Marekani, ndiye aliyeanza kuutumia mshipa wa mguu kwa mpango maalumu mwaka 1967, na mpaka leo ndio unaotumika zaidi kuongezea ile ateri ya kifuani: ni mrefu, uko karibu na ngozi, na mtu anaweza kuishi bila huo.

Wakikata mshipa wa mguu, si nitapooza?

Swali hili nimeulizwa na wazee wengi, na silicheki, kwa sababu kosa ni la lugha yetu. Neno "mshipa" kwa Kiswahili limebeba mizigo mingi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano inayovuta kiungo, hata ngiri watu huiita mshipa. Mtu akiambiwa "tutakutoa mshipa wa mguu" anajiona tayari kwenye kiti cha magurudumu.

Kinachotolewa ni vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Jina lake ni vena kubwa ya safena. Huanzia mbele ya kifundo cha ndani cha mguu, hupanda ndani ya muundi, hupita upande wa ndani wa goti na paja, ikaishia kinenani. Haihusiki na kusimama wala kutembea. Wagonjwa wetu wengi husimamishwa kando ya kitanda siku ya kwanza au ya pili.

Basi damu ya mguu itarudi kwa njia gani?

Kwa vena za ndani, zilizolala katikati ya misuli. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya mguu hata leo, kabla hujakatwa. Vena ya safena ni kama kijito cha pembeni. Ndiyo maana watu wenye vena zilizovimba na kujipinda huondolewa hiyo hiyo na wakaendelea na maisha yao.

Ila kama umewahi kuondolewa, au kuchomwa sindano za kuikausha, sema mapema. Nimeona mgonjwa yuko mezani, nusu kaputi imemshika, mguu umefunguliwa, na mshipa haupo.

Njia ya wazi inafanywaje?

Daktari au msaidizi wake hukata ngozi kuufuata mshipa, huku anauona kwa macho. Urefu wa mkato unategemea vipande vinavyotakiwa. Kila kipande kinaweza kuhitaji sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo mwenye baipasi ya mishipa mitatu anaweza kuamka na mshono kuanzia kifundoni hadi juu ya goti, au kupanda mpaka kinenani. Matawi madogo ya mshipa hufungwa moja moja kwa uzi au kibanio, kisha mshipa hutolewa, huoshwa, hujaribiwa kama unavuja, na huwekwa kwenye majimaji yenye dawa ya kuzuia damu isigande mpaka moyo uwe tayari kuupokea.

Jambo moja dogo linalowafurahisha wanafunzi wangu: mshipa hushonwa kichwa chini. Ndani yake mna vali ndogo zinazoruhusu damu iende upande mmoja tu, kwa hiyo ukiwekwa kama ulivyokuwa mguuni, vali zitafunga mlango.

Kuna namna nyingine ya wazi, ambapo badala ya mkato mmoja mrefu hukatwa mikato midogo kadhaa na kuacha vipande vya ngozi nzima katikati, kama madaraja. Kovu huwa fupi, lakini anayetoa mshipa hufanya kazi chini ya ngozi, mahali asipopaona vizuri, na anaweza kuuvuta mshipa kupita kiasi. Nikiitaja hapa ni kwa sababu familia nyingine huona vidonda vitatu au vinne vifupi mguuni wakadhani ni kamera. Siyo.

Na kamera?

Hapa mkato ni mmoja wa sentimita mbili au tatu, mara nyingi karibu na goti upande wa ndani. Kupitia hapo huingizwa mrija mwembamba wenye kamera na taa mbele, na gesi ya kaboni dayoksaidi hupulizwa taratibu ili kufungua nafasi kuuzunguka mshipa. Anayefanya kazi hautazami mguu, anatazama skrini. Husukuma tishu kando, anauvua mshipa pole pole kama mtu anayetoa mzizi wa muhogo bila kuukata, na kila tawi hukatwa na kuzibwa hapo hapo kwa kifaa chenye joto la umeme. Mwishoni hutobolewa tundu dogo kinenani, na wakati mwingine jingine kifundoni, ili kukata ncha. Mshipa mzima huvutwa nje kupitia ule mkato wa gotini.

Njia hii ilianza kushika kasi katikati ya miaka ya 1990, na Marekani leo ndiyo ya kawaida. Kwenye hospitali nyingi duniani bado ni mkato mrefu.

Ipi ina maumivu madogo na hupona mapema?

Kamera, na hapa hakuna mabishano. Kidonda kirefu mguuni kina adui wengi. Kiko mbali na moyo, damu hukifikia kwa uvivu, mguu huvimba na kuvuta nyuzi, na kinena kina jasho. Mwenye kisukari, mnene, mvutaji sigara, mwenye ateri za miguu zilizoziba, na wanawake kwa jumla, wote wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kidonda kutoa majimaji, kuachia au kutunga usaha. Nimewahi kumhudumia mama ambaye kifua kilifunga vizuri kabisa, akarudi nyumbani, akakaa miezi akisafishwa kidonda cha paja. Moyo haukumsumbua hata siku moja.

Mwenye mkato mdogo hutembea mapema, hulala vizuri, na viatu humwingia. Hata hivyo asidanganywe kwamba hakuna kilichofanyika ndani. Njia aliyopita kamera ni handaki chini ya ngozi, na handaki hilo linaweza kujaa damu. Paja likawa na rangi ya zambarau iliyokolea, gumu, linauma kulishika. Mara nyingi hunywea lenyewe katika wiki chache. Likizidi kuvimba na kukaza, daktari aone.

Nimesikia mshipa uliotolewa kwa kamera huziba mapema. Ni kweli?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote kwenye ukurasa huu. Uzuri wa ngozi ni jambo moja, na kazi ya mshipa moyoni ni jambo jingine.

Wasiwasi ulilipuka mwaka 2009. Watafiti walichukua kumbukumbu za wagonjwa 3,000 waliokuwa kwenye utafiti mwingine wa baipasi, wakawagawa kwa namna mshipa wao ulivyotolewa. Kati ya wale waliopigwa picha ya mishipa baada ya miezi 12 hadi 18, walioonekana na mshipa ulioziba au kubanwa vibaya walikuwa karibu asilimia 47 upande wa kamera, na 38 upande wa mkato wazi. Baada ya miaka 3, vifo vilikuwa asilimia 7.4 kwa kamera na 5.8 kwa mkato wazi. Unaweza kufikiria jinsi habari ile ilivyopokelewa. Kuna madaktari waliofungia kamera kabatini.

Lakini utafiti ule ulikuwa na tundu. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu nani atolewe mshipa kwa njia ipi; kila hospitali ilifanya ilivyozoea, na hakuna aliyeandika aliyeshika kamera alikuwa na uzoefu gani. Sasa fikiria mshipa wenyewe. Utando wake wa ndani ni laini kuliko ganda la ndani la yai. Ukivutwa, ukibanwa, ukichomwa na kifaa cha umeme karibu mno, au ukijazwa maji kwa bomba la sindano kwa nguvu ili kuona kama unavuja, utando huo huchanika, na damu huanza kuganda pale pale. Anayejifunza huvuta. Aliyebobea havuti.

Mwaka 2012 zilichapishwa kumbukumbu za Wamarekani zaidi ya 235,000 wenye bima ya serikali kwa ajili ya wazee, waliofanyiwa baipasi kati ya 2003 na 2008. Waliofariki walikuwa asilimia 13.2 kwa kamera na 13.4 kwa mkato wazi, yaani hakuna tofauti, na matatizo ya kidonda yalikuwa machache kidogo kwa kamera.

Halafu mwanzoni mwa 2019 likaja jibu lililokuwa likisubiriwa: utafiti wa REGROUP, uliofanywa kwenye hospitali 16 za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Wagonjwa 1,150 waligawanywa kwa bahati nasibu, na kamera haikushikwa na mtu yeyote ila yule aliyekwisha kutoa mishipa zaidi ya 100 kwa njia hiyo, na ambaye ni nadra kushindwa katikati akalazimika kukata wazi. Baada ya takriban miaka 3, waliokufa, waliopata shambulio la moyo au waliorudiwa kuzibuliwa mishipa walikuwa asilimia 13.9 kwa kamera na 15.5 kwa mkato wazi. Kwa hesabu za kitakwimu, hapo hakuna mshindi. Maambukizi ya kidonda cha mguu yalikuwa asilimia 1.4 dhidi ya 3.1. Kasoro yake ni kwamba wagonjwa karibu wote walikuwa wanaume, na wanawake ndio wanaosumbuliwa zaidi na vidonda vya mguu.

Mimi nazisoma tafiti hizi hivi: mkono ulio nyuma ya kifaa una uzito kuliko kifaa. Kamera kwenye mkono uliozoea hukupa mguu mzima na mshipa mzima. Kamera kwenye mkono unaojifunza inaweza kukupa mguu mzuri na mshipa mbovu, na ule mbovu hutauona kwa macho.

Kwa hiyo niulize nini kabla ya kusaini fomu?

Watu huuliza "mnatumia kamera?" wakishajibiwa ndiyo, wanasaini. Uliza zaidi, kwa adabu, na usiogope kwamba utaonekana mjuaji. Nani hasa atakayetoa mshipa wangu? Katika hospitali nyingi si yule profesa uliyemwona kliniki, ni msaidizi wake, na hilo si kosa. Msaidizi anayefanya kazi hiyo kila siku anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko profesa. Ametoa mingapi kwa njia hii? Mara ngapi alishindwa akakata wazi? Mshipa wangu utaangaliwa kwa ultrasaundi kabla? Na kama watatumia mkato wazi, utaanzia wapi na kuishia wapi?

Daktari anayefanya kazi yake vizuri hujibu maswali haya kwa dakika tatu. Akichukia, nalo ni jibu.

Kwa nini daktari wangu amekataa kamera, na hospitali inayo?

Sababu zipo nyingi na baadhi ni nzuri sana. Mgonjwa aliyeletwa mbio, shinikizo la damu linaporomoka, hana muda wa kusubiri. Mkato wazi kwa mtu aliyeuzoea ni wa haraka. Mtu mwembamba sana, mshipa wake unaonekana juu ya ngozi kama kamba, hana nafasi ya kutosha ya kupitisha vifaa bila kuusugua. Mshipa uliojipinda au mwembamba mno nao unataka macho. Pengine ni damu kwenye mguu ule iliyowahi kuganda. Au daktari anajijua: hana mazoezi ya kutosha ya kamera, na ameamua kutojifunzia kwako. Huyo mshukuru.

Ipo pia sababu ya fedha. Vifaa vya kamera vingi hutumika mara moja na kutupwa, na gharama yake huingia kwenye bili. Mahali ambapo familia inachanga harambee ili mzee afanyiwe baipasi, sioni aibu kuchagua mkato wazi uliofanywa vizuri.

Kuna daktari alituambia watautoa mshipa pamoja na mafuta yake. Hiyo ni nini?

Ni mbinu iliyotoka Örebro, Sweden, kwa daktari Domingos Souza, aliyeiandika miaka ya 1990. Mshipa hautolewi mtupu. Huachiwa koti la mafuta linalouzunguka, hauguswi kwa koleo, na haujazwi maji kwa nguvu. Koti lile linaulinda ukuta wa mshipa na lina mishipa midogo inayoulisha. Utafiti mkubwa wa China wa 2021, wenye wagonjwa 2,655, ulionyesha mishipa iliyoziba baada ya mwaka ni asilimia 3.7 kwa mbinu hii na 6.5 kwa ile ya kawaida. Utafiti wa Sweden uliofuata mwaka 2024 haukupata ushindi wa wazi kama huo, na vidonda vya mguu viliongezeka.

Utaona mahali bei inapolipwa: kuchukua mafuta pamoja na mshipa kunahitaji mkato wazi, na huacha shimo chini ya ngozi. Kwa mtu mwembamba asiye na kisukari, wazo zuri. Kwa mama mnene mwenye sukari isiyotulia, ningeuliza mara mbili.

Upasuaji wenyewe unapatikana huku kwetu?

Ndiyo. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Kampala kuna Uganda Heart Institute, na Nairobi zipo hospitali za umma na za binafsi zinazofanya. Wengine wengi bado husafiri kwenda India. Usidhani kwamba kuvuka bahari ni sawa na kupata kamera. India nako, mkato wazi bado unafanywa sana. Ukienda, rudi na ripoti iliyoandikwa mguu gani, njia gani, vipande vingapi, na kama ni nyuzi zinazoyeyuka au pini za chuma. Nimepokea wagonjwa wenye pini zilizokaa mwezi mzima kwa sababu hakuna aliyewaambia zinatolewa kwenye siku ya 10 hadi ya 14.

Niutayarishe vipi mguu?

Usinyoe nywele kwa wembe nyumbani. Vidonda vidogo vya wembe ndivyo vinavyofungulia vijidudu mlango. Zikihitajika kuondolewa, zitapunguzwa kwa mashine hospitalini. Kama una kidonda katikati ya vidole, fangasi, au ukucha ulioingia nyamani, sema sasa, vitibiwe kwanza. Usikubali dripu kwenye mguu. Sukari ishuke, sigara iachwe. Wiki chache tu bila sigara kidonda kinazijua.

Kidonda nikifika nacho nyumbani nikitunzeje?

Pole pole na kwa uchache. Kikiwa kimefunga, maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida, kausha kwa kupapasa na kitambaa safi, usisugue. Usijitumbukize kwenye beseni wala baharini mpaka kila tundu lifunge.

Sasa orodha ya mambo niliyoyakuta chini ya bandeji kwa macho yangu: unga wa kapsuli za rangi mbili uliomwagwa kidondani, dawa ya meno, asali iliyochanganywa na majani, majivu, na spiriti iliyokausha ngozi ikapasuka. Unga wa kapsuli ndio unaonisumbua zaidi, kwa kuwa unaonekana wa kitaalamu. Huganda juu ya kidonda kama saruji, usaha ukabaki chini. Dawa ya kapsuli humezwa, na ni pale tu daktari alipoiandika.

Jingine ni kukanda. Shangazi amekuja kutoka kijijini na beseni la maji ya moto na taulo, kama anavyomkanda mzazi, na hakuna mwenye moyo wa kumkataza. Mkatazeni. Joto lile huchoma ngozi yenye ganzi bila mgonjwa kuhisi, na mkandamizo hufumua mshono. Mpeni kazi nyingine. Kuna mboga za kupika zisizo na chumvi nyingi.

Mguu umevimba. Ni kawaida?

Kuvimba kiasi kwenye mguu uliotolewa mshipa, hasa jioni, ni kawaida kwa wiki kadhaa na kwa wengine miezi miwili au mitatu, mpaka vena za ndani zizoee mzigo. Ukiketi, weka mguu juu ya kiti chenye mto. Ukilala, uinue kidogo. Tembea mara nyingi, safari fupi. Usikunje nne. Soksi za kubana zinasaidia, lakini mwenye ateri za miguu zilizoziba asivae bila kupimwa.

Kisicho kawaida ni uvimbe unaokuja ghafla, shavu la mguu linauma ukilibonyeza, mguu mmoja unazidi mwenzake waziwazi. Hiyo huenda ni damu iliyoganda kwenye vena ya ndani. Ikifuatwa na kukosa pumzi ghafla au kukohoa damu, usipige simu kuuliza ushauri, nenda. Wanaorudi kwa ndege kutoka mbali wawe waangalifu zaidi: waulize daktari tarehe ya kuruka, waombe kiti cha kando ya njia, wainuke kila baada ya saa moja au mbili.

Upande wa ndani wa mguu umekufa ganzi.

Chini ya goti, vena ya safena husafiri bega kwa bega na mshipa wa fahamu unaoipa hisia ngozi ya ndani ya muundi mpaka kifundoni. Ukiguswa, unapata ganzi, au hisia ya sisimizi, au mwako shuka likigusa. Hutokea zaidi kwa mkato wazi. Kwa wengi hupungua miezi ikipita, kwa wachache hubaki kabaka kadogo kasikohisi, na wanazoea. Angalia tu usiukaribishe mguu huo kwenye jiko la mkaa.

Nitajuaje kidonda kimeingia vijidudu? Vitabu vinasema "wekundu".

Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu. Weka mgongo wa kiganja kando ya mshono, kisha sehemu ileile ya mguu wa pili: upande mmoja una joto zaidi? Tazama ngozi inayong'aa kama iliyovutwa, rangi iliyokoza kuwa nyeusi zaidi au ya kahawia yenye zambarau, maumivu yaliyokuwa yakipungua na sasa yanapanda, majimaji yenye harufu au yaliyobadilika rangi, mshono unaoachia. Homa na kutetemeka ni dalili za kuchelewa. Piga picha ya kidonda kila siku kwa simu, mwanga uleule, umbali uleule; kwenye picha tano mfululizo utaona kile ambacho jicho la kila siku limezoea.

Nitaswali vipi? Na kuketi mkekani?

Kwa mguu peke yake ningekuruhusu mapema, hasa wa kamera. Tatizo ni kifua. Mfupa wa kidari uliokatwa na kufungwa kwa waya unataka wiki 6 hadi 12 kuunga, na kuinuka kutoka chini kwa kusukuma mikono kunauvuta. Swali juu ya kiti kwa muda huo. Kuhusu bandeji na udhu, sheikh wako atakueleza upole uliomo kwa mgonjwa. Vivyo hivyo kwa kupiga magoti kanisani. Choo cha kuchuchumaa ndicho kigumu zaidi: tafuta kiti chenye tundu, vipo hata vya plastiki.

Mshipa huu utadumu miaka mingapi?

Takriban nusu ya vipande vya mguuni huwa vimeziba au vimechakaa ikifika miaka 10, huku ile ateri ya kifuani kwa watu wengi sana bado inafanya kazi. Vena haikuumbwa kwa shinikizo la ateri. Ukuta wake hunenepa, mafuta huingia. Aspirini na statini, dawa za kushusha mafuta kwenye damu, huchelewesha hilo, na ndizo ambazo watu huacha mwaka wa pili kwa sababu "najisikia mzima". Unajisikia mzima kwa sababu unazimeza.

Kovu litaondoka?

La kamera, baada ya mwaka itabidi ulitafute. La mkato mrefu litabaki mstari, na wale ambao ngozi yao hutengeneza makovu yanayoumuka waseme kabla ya upasuaji, maana wakati mwingine hilo pekee linatosha kumfanya daktari abadili njia. Mafuta ya kulainisha yapakwe baada ya kila kigaga kuanguka chenyewe. Chenyewe, mama. Usikibandue.